Kubeba mzigo wa mwenzako: imani ya Kikristo na huduma katika Ilala

Jina la Kariakoo, soko linalojulikana nchi nzima, lilitokana na wabeba mizigo. Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, eneo hilo likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha Waafrika waliobeba chakula na risasi za jeshi. Wenyeji walilitamka jina hilo kwa namna yao, likawa Kariakoo. Hadi leo ukifika pale utawaona vijana wakibeba mizigo ya watu kichwani, mgongoni na kwenye mikokoteni.

Wao hubeba kwa malipo, na hiyo ni haki yao. Lakini Wakristo wamepewa agizo la mtume Paulo, katika barua yake kwa Wagalatia, la kubebeana mizigo bila kudai ujira. Agizo hilo hutekelezwaje mtaani? Na tutatofautishaje huduma ya kweli na msaada wa kujionyesha? Katika makala hii tunaeleza kwa kutumia mifano ya Ilala na jirani zake.

Msamaria alifanya nini hasa?

Wengi tunaukumbuka mfano wa Msamaria mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10. Mara nyingi huwa tunaishia kwenye huruma yake. Ukiusoma polepole utaona kuwa alifanya mambo matatu.

Kwanza, hakumuuliza majeruhi kabila wala dini, ingawa Wayahudi na Wasamaria hawakupatana. Pili, aligharimika. Alitumia mafuta na divai yake, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, kisha akamlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, ambazo wakati ule zilikuwa ujira wa kibarua wa siku mbili. Tatu, aliahidi kurudi na kulipa kitakachozidi. Hakumwacha mtu yule katikati ya shida.

Mambo hayo matatu ndiyo kipimo chetu hapa: kutobagua, kugharimika na kurudi.

Kutobagua: Kariakoo, Novemba 2024

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Wafanyabiashara na watu wengine waliokuwa karibu walianza kufukua kifusi kwa mikono na nyundo, na waokoaji wakaendelea na kazi kwa siku kadhaa. Walikuwapo Waislamu na Wakristo, na aliyekuwa chini ya zege hakuulizwa anasali wapi.

Tunautaja mfano huu kwa sababu huduma si mali ya Wakristo peke yao. Hata katika mfano wa Yesu, aliyetenda mema alikuwa mtu wa upande mwingine. Mkristo anayemsaidia mtu kwa sharti la kubadili dini, au anayewapa wa kanisa lake tu, amekiacha kipimo cha kwanza.

Kugharimika: mwalimu wa Pugu

Pugu nayo iko Ilala, pembeni kabisa mwa jiji. Baada ya kurudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, Julius Nyerere alifundisha pale katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko. Wakati huo mwalimu mwenye shahada alikuwa mtu wa heshima, mwenye mshahara wa uhakika. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikaanzishwa mjini, na Nyerere akawa rais wake. Haukupita muda akatakiwa kuchagua: ualimu au siasa. Machi 1955 aliacha kazi akiwa na mke na watoto, bila kujua mshahara mwingine ungetoka wapi.

Nani alimpokea? Abdulwahid Sykes, Mwislamu wa Kariakoo na mmoja wa waasisi wa TANU, alimkaribisha nyumbani kwake. Hapa tunajifunza jambo ambalo halisemwi sana: anayehudumia naye lazima akubali kuhudumiwa. Siku hiyo Mkatoliki wa Butiama ndiye aliyekuwa mhitaji, na Mwislamu wa mjini ndiye aliyefungua mlango.

Nyerere alikuwa mtu wa siasa, na siasa zake zilisifiwa na pia kupingwa. Lakini yeye mwenyewe aliihusisha imani yake na utumishi wa umma. Oktoba 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll huko New York, alieleza kwamba Kanisa haliwezi kuishia kuwafariji maskini. Ni lazima lishiriki kupambana na mipango ya jamii inayowafanya watu wabaki maskini, la sivyo litakosa maana kwao. Kanisa Katoliki sasa humwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya mwanzo katika safari ya kumtangaza mtu kuwa mtakatifu.

Kurudi: ugonjwa ambao watu waliukimbia

Kipimo cha tatu ndicho kigumu zaidi. Ni rahisi kupeleka sabuni na sukari siku moja, mkapiga picha, mkaondoka. Kazi iko wiki ya pili, na mwezi wa sita.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mgonjwa wa UKIMWI alitengwa hata na ndugu zake. Chombo chake cha kulia kilikaa peke yake. Mwaka 1992, kikundi kidogo cha watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI kilianza kukutana jijini ili wasaidiane. Kutoka hapo ikazaliwa PASADA, huduma ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam, ambayo makao yake yako Chang'ombe, wilaya jirani ya Temeke.

Angalia mwanzo wake. Wagonjwa wenyewe ndio walioanza kubebana, na Kanisa likaja kuwaunga mkono. Serikali ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bure mwaka 2004. Kabla ya hapo, kwa wagonjwa wengi huduma ilimaanisha kumtembelea mtu kitandani, kumwosha, kumlisha, kuwaangalia watoto wake, kisha kurudi tena, ukijua kwamba huenda hatapona. Wagonjwa wa dini zote walihudumiwa.

Jumuiya: huduma yenye ratiba

Huruma ya mtu mmoja huchoka. Ndiyo maana makanisa yameipangia huduma utaratibu. Mwaka 1973 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi, waliweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Jumuiya ni familia za jirani zinazokutana kila wiki, nyumba kwa nyumba. Wanasoma Injili na kusali, kisha wanaulizana: nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amekosa ada? Michango hukusanywa na mhazini, na watu hutumwa kwenda kumwona mwenye shida. Walutheri nao wana ibada za nyumba kwa nyumba, na kazi ya huduma wanaiita diakonia, neno la Kigiriki lenye maana ya utumishi.

Katika Ilala utaratibu huu una maana ya pekee. Hospitali ya Muhimbili, iliyoko Upanga, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka mikoa yote. Mtu ametoka Kigoma au Mtwara, hana ndugu mjini, na anayemuuguza hajui hata pa kununulia uji. Kwa familia kama hiyo, mgeni anayekuja na chupa ya chai, akakaa nusu saa, na kesho akarudi, ni nafuu kubwa.

Kijijini kwako je?

Huenda hapo ulipo hakuna hospitali kubwa wala soko kama Kariakoo. Lakini yupo bibi anayelea wajukuu peke yake, yupo mgonjwa ambaye shamba lake halijapaliliwa, yupo mama aliyekosa nauli ya kwenda kliniki. Kabla ya kumsaidia, jiulizeni maswali matatu. Je, tungemsaidia hata kama si wa kanisa letu? Je, tutapungukiwa na kitu, iwe muda, nguvu au fedha? Je, tumepanga siku ya kurudi?

Na liko swali la nne, ambalo yeye ndiye wa kulijibu: anataka nini? Muulizeni kwanza. Pengine mmejiandaa kumpelekea nguo, kumbe anachohitaji ni watu wawili wa kumsaidia kupalilia kabla mvua haijakatika. Na kabla ya kumpiga picha, mwombeni ruhusa. Akikataa, simu ibaki mfukoni na jembe lifanye kazi.