Kalobeyei: Makazi ya Wakimbizi Yaliyopangwa Pamoja na Wenyeji

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamtaka mtu anayeingia Kenya kutafuta hifadhi kufika mbele ya afisa husika ndani ya siku 30. Wengi wanaotoka Sudan Kusini kupitia mpaka wa Nadapal hufikia Kakuma, Kaunti ya Turkana, ambako huandikishwa na kuchukuliwa alama za vidole. Baada ya hapo huhitaji mahali pa kuishi.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kama hifadhi ya muda, lakini wapo waliozaliwa humo na sasa wanalea watoto wao humo humo. Kambi ilipofurika, Serikali ya Kaunti ya Turkana, wenyeji na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) walikubaliana kutenga takriban hekta 1,500 za ardhi jirani. Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa hapo mwaka 2016. Tofauti na kambi, yalipangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie shule, zahanati na masoko yale yale.

Familia inayowasili huanza maisha katika kibanda cha maturubai. Zile zinazofikiwa na mpango wa nyumba za kudumu hutumiwa fedha za ujenzi kwa awamu kupitia akaunti ya benki. Familia yenyewe huchagua fundi, hununua vifaa na kusimamia kazi. Utaratibu huu una faida mbili: msimamizi wa ujenzi ni yule atakayelala ndani ya nyumba hiyo, hivyo ana kila sababu ya kukataa kazi mbovu, na fedha hubaki katika soko la hapo hapo, kwa wauzaji wa mchanga, wasafirishaji na mafundi, wakiwemo wenyeji.

Msaada wa chakula umefuata njia hiyo. Kupitia mpango wa Bamba Chakula, familia zilipokea thamani ya fedha kwenye simu na kununua chakula katika maduka ya wakimbizi na ya Waturkana.

Hata hivyo, michango ya wafadhili imepungua na familia nyingi bado zinaishi chini ya maturubai. Turkana ni eneo kame, na maji na kuni ni haba. Mwenyeji akiona mgeni amechimbiwa kisima ilhali yeye bado anatembea mwendo mrefu kutafuta maji, ujirani huingia dosari. Kwa sababu hiyo, Mpango wa Shirika, uliozinduliwa na Serikali mwezi Machi 2025, unakusudia kugeuza kambi kuwa makazi jumuishi yenye huduma za pamoja kwa wakimbizi na wenyeji.

Wananchi wanakumbushwa kuwa uandikishaji wa wakimbizi hufanywa bila malipo. Yeyote anayedaiwa fedha kwa huduma hiyo anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka husika.