WATOTO WA LIKIZO NA MVUA ZA VULI

Likizo ndefu ya shule huanza karibu na mwanzo wa Novemba, nao watoto hurudi darasani Januari. Katika Kitui na Makueni huo ndio wakati wa mvua za vuli, ambazo wakulima huzitegemea kuliko zile za Machi. Basi watoto na magugu hufika pamoja, na mama mwenye jembe mkononi hajui aanze na yupi.

Wadogo hucheza kujificha ndani ya ndengu zenye maua. Ua likipukutika halizai, na ndengu ndizo karo ya Januari. Aliyetumwa kuchunga mbuzi yumo katika mpira, na mbuzi wamo katika mbaazi. Maembe mabichi huangushwa kwa mawe, lakini utomvu wake huunguza midomo, kwa hiyo mwizi hana haja ya kutafutwa.

Yafaa kila mtoto apewe kazi ya kimo chake. Wa miaka mitano aokote mayai. Wa miaka kumi apimiwe mistari michache ya kupalilia, kisha aachwe akacheze. Apewe na mwembe mmoja auite wake: mwenye mti hautupii mawe, wala hamruhusu nduguye autupie.

Lakini yako mambo yasiyo ya kuchekesha. Dawa ya wadudu isitiwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu haulizi. Ifungiwe kwa kufuli. Na silanga likijaa maji, mtoto asiende huko peke yake.

Shule zifunguliwapo, tuhesabu watoto kwanza, magunia yafuate.