Mtoto Wetu Akikutana na Baridi ya Ng'ambo



Hapa Eldoret tunajua mvua na tunajua kiangazi. Machi au Aprili tunapanda mahindi, Julai tunavaa sweta na kulalamika, mwisho wa mwaka tunavuna. Lakini mchana na usiku wetu karibu vinalingana mwaka mzima.

Siku hizi vikundi vingi vinafanya harambee ili kijana aende kusoma au kufanya kazi Finland, Canada au Marekani. Tunahesabu karo, tiketi na viza. Koti tunalisahau. Kijana mmoja tunayemjua aliondoka Januari na viatu vyake vya kanisani. Wiki ya pili akateleza kwenye barafu, akaumia mkono. Mama yake alikuja kujua baada ya mwezi mzima, kwa sababu kijana aliona haya kusema hana pesa za viatu. Ndiyo maana tunaandika habari hii.

Baridi hiyo inatoka wapi?

Baridi yetu ya Eldoret ni ya mwinuko. Tuko juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,100 hivi. Ya kule ni tofauti. Dunia huzunguka jua ikiwa imeinama, kama digrii 23 na nusu. Jaribuni hivi usiku: mulikeni ukuta kwa tochi moja kwa moja. Mwanga ni mdogo lakini mkali. Sasa iinamisheni tochi. Mwanga unatawanyika na kufifia. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hivyo jua la adhuhuri haliendi mbali na utosi. Finland iko kaskazini sana. Desemba upande wake umeinama mbali na jua, na mwanga unafika kwa mshazari, tena kwa muda mfupi. Katika mji wa Helsinki, jua la Desemba huonekana kwa muda usiofika saa 6. Juni huonekana karibu saa 19!

Kwa hivyo wao wana majira manne. Desemba hadi Februari ni baridi na theluji. Kuanzia Machi theluji inayeyuka na miti inachipua. Juni hadi Agosti ni joto. Septemba majani ya miti mingi yanageuka rangi, halafu yanaanguka. Mgeni asidhani miti imekufa, imelala tu.

Mtu wetu aliyetangulia

Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Mwaka wa 1996 alikwenda Finland kujifunza kuteleza juu ya theluji, kitu ambacho hakuwa amewahi kukiona. Mwaka wa 1998 aliwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Katika kilomita 10 alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngoja kwenye utepe akamkumbatia. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Naye alirudi tena Olimpiki mwaka wa 2002 na 2006. Kwa hivyo baridi inazoeleka, ila si kwa siku moja.

Mambo ya kumwambia msafiri

1. Nguo tatu nyepesi zikivaliwa moja juu ya nyingine zinashinda moja nzito, kwa sababu hewa ya katikati inashika joto. Ya nje izuie upepo.
2. Kofia, glavu, soksi nzito na viatu vyenye soli ya kushika barafu si mapambo. Atengewe pesa za kuvinunua huko.
3. Kidole kikiwa cheupe na kufa ganzi, asikisugue. Aingie ndani, akipashe joto polepole, aone daktari.
4. Pombe haipashi mwili joto. Inadanganya tu.
5. Asiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake inaua.
6. Giza refu linaleta huzuni na usingizi mwingi. Atoke nje mchana, akae na watu, na ikizidi amwone daktari. Kuuliza si ujinga.

Na sisi tuliobaki? Kijana akinyamaza Januari, tusiseme haraka kwamba ametusahau au amekuwa na maringo. Tumpigie. Tukumbuke pia kwamba wao hubadilisha saa: wakati wa baridi Finland iko nyuma yetu kwa saa moja, wakati wa joto tuko sawa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

- Katika harambee yetu iliyopita, tulitenga pesa za nguo za baridi?
- Nani kati yetu atampigia msafiri kila wiki miezi mitatu ya kwanza?
- Akikwama, anaweza kutuambia bila kuona haya?