Siku Zimehesabiwa Sawa, Mbona Mimba Haishiki?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ndugu katika imani, wengi wetu visiwani tuna jamaa walioolewa Kibaha na Kisarawe. Huko, kama kwetu, ndoa ikipita miezi bila ya mimba, macho yote humwelekea mke, hata kama wanandoa wanahesabu siku zao vizuri.

Kwanza tufahamu kuwa kukutana katika siku za rutuba ni sababu, si dhamana. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Hata kwa wanandoa wazima wa afya, kila mwezi nafasi ya kushika mimba ni kama 1 kati ya 4 au 5. Miezi mitatu mitupu si ugonjwa.

Pili, hesabu hukosea. Yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 hulitoa karibu na siku ya 21, si ya 14. Wengine hupata hedhi bila ya yai kutoka.

Tatu, yapo maradhi. Kwa mke, mirija huziba kwa kisonono au klamidia isiyotibiwa; pia kuna uvimbe wa kizazi, homoni na umri. Kwa mume, mbegu huwa chache au dhaifu, na nguvu za kiume si ushahidi kuwa mbegu ni nzima. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mume naye ana sehemu yake.

Wazaramo wa Kisarawe walikuwa na mila ya kumpa mwali mwana hiti, mwanasesere wa mti, ili ajaaliwe uzazi. Visiwani nako kuna hirizi. Hayo hayazibui mirija, na yanagusa tawhidi: Suratush-Shuura, aya 49 na 50, inatufundisha kuwa mwenye kutoa watoto na kuzuia ni Allah pekee.

Mtume ametuamrisha kujitibu. Ukipita mwaka, au miezi 6 kwa mke aliyezidi miaka 35, nendeni hospitali wote wawili. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vya mke, basi mume asikikwepe. Hospitali ya Tumbi, Kibaha, ni ya rufaa ya Mkoa wa Pwani, ambao Mafia ni wilaya yake.

Ikihitajika kupandikiza, Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Amman mwaka 1986 liliruhusu kwa mbegu ya mume na yai la mke, na mimba ibebwe na mke huyo huyo, ndani ya ndoa. Mtu wa tatu hairuhusiwi kuingia.

Kumwacha au kumsimanga mke kabla mume hajapimwa ni dhulma. Nabii Zakariyya aliomba uzeeni, akapewa Yahya. Tujitibu, tuombe, tusikate tamaa.

Wallaahu a‘lam.