Kuhama Lapi Bila Kuacha Kitu Nyuma

Wasee mob wanabadilisha lapi siku hizi na sababu iko wazi. Microsoft walifunga sapoti ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chip ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya jeni ya nane kwenda juu. Zile EliteBook na ThinkPad za ex-UK za jeni ya sita, zenye zimepitisha mayut wengi campo, zikabaki nje. Ndio unaona maduka za Moi Avenue na Luthuli watu wanaitisha top-up: unapeana ya zamani, unaongeza doo, unatoka na ingine.

Hapo kwa top-up ndio faili za watu hupotelea. Deal inafungwa kaunta, fundi ana-kopi Desktop na Documents fasta, anakushow kila kitu iko sawa. Mashine yako inapanda kwa shelfu, na kesho ikipata mteja imeenda. Wiki ijayo ukitafuta kitu hauioni, hauna pa kuuliza. So rada yangu ni hii: usiende tao kufanya top-up kama faili zako hazijalala kwa diski ingine, kejani kwako. Kazi ya kuhama ifanyie nyumbani, na time yako.

Anza na kujua uko na nini. Ingia C, ingia Users, utapata folda ya jina lako. Ibonyeze, angalia Properties, ujue ni GB ngapi. Usidharau Downloads, ju huko ndio kuna PIN ya KRA, karatasi za HELB, result slip na zile CV zote umewai tuma. Halafu washa Hidden items ndio uone AppData, ju programu kibao huficha vitu zako huko, hadi Sticky Notes. Bookmarks na pasiwadi za Chrome ziko kwa profile yako ya Chrome, so washa sync na akaunti yako mapema. Programu zenyewe hazikopiwi. Hizo utainstall upya, so andika list yazo na ujue leseni ziko wapi.

Ma-producer, skieni hii poa. Faili ya FL Studio haibebangi sauti ndani, inakumbuka tu penye sauti ziko. Uki-kopi flp peke yake, mashine mpya itaifungua, itatafuta kick kwa folda yenye haiko, itakuambia sample imepotea. Pattern zote ziko pale zimepangwa vile uliziacha, lakini ukidunga play, hio kick ni kimya. Dawa ni moja: ukiwa bado kwa lapi ya zamani, export kila beat kama Zipped loop package, inabeba sauti na project pamoja. Wa video pia wana yao. Premiere iko na Project Manager, yenye inakusanya clip zote kwa folda moja. Fanya hio kabla ya kuchomoa waya wowote.

Sasa diski. Kuna zile flashi za 2TB zinauzwa bei ya lunch. Usiguse. Ndani kuna chip ndogo yenye imefunzwa kudanganya kompyuta, so ikijaa inaandika juu ya faili za kwanza, au inatupa tu zenye zinakuja, na wewe unaona majina za faili zimekaa sawa. Utajua siku ya kufungua. Ukinunua flashi ama diski yoyote, ipitishe kwa H2testw ikiwa bado tupu. Hio programu ni ya bure, inaijaza mpaka mwisho halafu inasoma kila kitu ikicheki kama ni ukweli. Kama diski iko kwa FAT32, itakataa faili yoyote ya kupita GB 4, so iformat exFAT kabla uweke kitu, ju kuformat hufuta zote.

Shimo ya USB pia ni story. USB 2.0 mwisho wake ni Mbps 480, USB 3.0 ni Gbps 5, na mara mingi iko na rangi ya bluu ndani. GB 200 kwa 2.0 zitakula karibu saa mbili. Kwa 3.0, hata kama lapi ya zamani ni HDD, faili kubwa zaeza isha kwa kama nusu saa. Mapicha ndogo ndogo huvuta zaidi, so wacha iende pole pole.

Kama lapi ilizima na haiwaki, usilie bado. Mara mingi diski iko fiti. Kama ni SATA ya inchi 2.5, adapta ya SATA kwenda USB inaisoma kama flashi. Kama ni M.2, tafuta kasha yake. Tatizo ni BitLocker, ile kufuli ya Windows ya diski: ikiwa imewashwa, utaitishwa recovery key ya nambari 48. Kwa kawaida iko kwa akaunti yako ya Microsoft, so kama mashine yako bado iko hai, ingia huko saa hii uiandike pahali.

Ukianza kuhamisha, tumia copy, cut usiiguse. Stima ikipotea katikati, faili ya kwanza bado iko kwa lapi ya zamani. Ikiisha, linganisha Properties pande zote mbili: idadi ya faili na ukubwa zifanane. Halafu fungua faili kadhaa, upeleke video mpaka katikati uone inacheza. Zile karatasi za maana zaidi, tupa kopi kwa Google Drive pia. GB 15 ni za bure, na mwizi akibeba diski na lapi, hizo zitabaki.

Hapo sasa ndio unaeza safisha ya zamani. Delete haitoshi, ju fundi mwenye anajua kazi anaeza rudisha picha zako, ID yako na statement za M-Pesa. Ingia Reset this PC, chagua Remove everything, kwa settings washa Clean data, uache ikule masaa yake. Na kama top-up wanakupea ni ya kukutusi, toa diski ubaki nayo, uza mashine bila hio. Mnunuzi atanunua ingine dukani. Ile miaka yako ya kazi haina duka ya kuiuza.