Mupira wa Marekani: wakikataza kugonga kichwa, goti njo linalipa

Tarehe 17 Mwezi wa 8, 2013, katika muji wa Houston, Dustin Keller wa ekipe ya Miami Dolphins aliruka, akadaka mupira na kugeuka ili akimbie. Mulinzi kijana wa Houston Texans, D.J. Swearinger, alikuja mbio na kumugonga kwenye goti. Nyuzi zenye kushikilia goti zilikatika. Keller hakucheza tena katika ligi ile. Na mechi ile ilikuwa ya kujipima nguvu tu, mbele ya musimu kuanza.

Kiisha mechi, Swearinger alieleza kwamba kanuni zinamukataza kugonga juu, kwa hiyo alienda chini. Watu wengi walikasirika. Lakini kwa kanuni za wakati ule, hakufanya kosa. Maneno yake yalionyesha shida yenye inasumbua mupira wa Marekani mupaka leo: kila njia ya kuangusha mutu yenye inakatazwa, hatari inahama na kwenda pahali pengine pa mwili.

Huku kwetu, muchezo huu wengi wanauona kwenye telefone tu. Lakini jamaa nyingi zenye zilitoka Kivu, Maniema na Tanganyika zinaishi Marekani sasa, na watoto wao wanakutana nao kwenye masomo. Ni muzuri kuelewa ubishi huu unahusu nini.

Muchezo wenyewe ukoje

Ligi kubwa ya wachezaji wa kulipwa inaitwa NFL. Iko na ekipe 32. Kila upande unaingiza wachezaji 11. Ekipe yenye mupira inapewa nafasi 4 za kusogea yadi 10, ni kama metre 9. Ikifaulu, inapata nafasi zingine 4. Ikishindwa, mupira unaenda kwa wengine.

Ili kumusimamisha mwenye mupira, lazima umukamate na kumuangusha chini. Katika futbol yetu, mulinzi anatafuta mupira. Kule, mulinzi anatafuta mutu. Kuvaa kaske na mito ya mabega hakuondoe hiyo kazi. Mulinzi wa nyuma mwenye kilo 85 ao 90 anaweza kujikuta anafuata mutu wa kilo 110 mwenye anakimbia kwa nguvu yote. Atamushika wapi? Kila jibu kwa hiyo swali liko na historia ya damu.

Kanuni zilizaliwa kwa majeraha

Mwaka wa 1905, vijana wengi walikufa wakicheza muchezo huu kwenye masomo na vyuo vikubwa. Rais Theodore Roosevelt aliita wakubwa wa Harvard, Yale na Princeton waongee naye. Mwaka wenye ulifuata, wakaruhusu kutupa mupira mbele kwa mukono, ili wachezaji watawanyike na wasiendelee kusongamana na kukanyagana pahali pamoja.

Tarehe 12 Mwezi wa 8, 1978, tena katika mechi ya kujipima nguvu, Jack Tatum wa Oakland alimugonga Darryl Stingley wa New England. Stingley alikuwa na miaka 26. Alivunjika shingo, na hakutembea tena mupaka alipokufa mwaka wa 2007. Arbitre hakutoa azabu yoyote, kwa sababu kanuni za wakati ule ziliruhusu kugonga namna ile. Katika miaka yenye ilifuata, walianza kukaza kanuni za kulinda kichwa na shingo.

Mwaka wa 2005, walikataza kumushika mutu kwa nyuma kwenye kola ya jezi na kumuvuta chini. Mwezi wa 12, 2004, Terrell Owens wa Philadelphia alikuwa amevunjika muguu namna hiyo, baada ya kuvutwa na Roy Williams wa Dallas.

Mwezi wa 12, 2017, Ryan Shazier wa Pittsburgh aliinamisha kichwa ili aangushe mutu. Mara hii mwenye kugonga njo aliumia: uti wake wa mugongo uliharibika, na hakucheza tena. Mwaka wa 2018, NFL ikakataza kuinamisha kichwa na kugonga mwenzako kwa kaske.

Ukipanga hizi kanuni mustari moja, unaona kitu: mulinzi aliambiwa asiguse kichwa, asitangulize kaske, asivute kola. Lakini hakuna hata siku moja aliambiwa aache kuangusha.

Ubishi wa 2024

Njia yenye ilileta kelele sana miaka hii ni hii: mulinzi anafika kwa nyuma ao kwa kando, anamukumbatia mukimbiaji kwa mikono miwili, anazungusha kiuno, anaachilia uzito wake wote, na kuangukia miguu ya mwenzake kwa nyuma. Muguu unabaki umefungwa chini ya mwili wa mulinzi, wakati mwili wa mukimbiaji bado unaenda mbele. Kifundo cha muguu kinapinda, wakati mwingine mufupa unavunjika.

Tony Pollard wa Dallas alivunjika namna ile Mwezi wa 1, 2023, katika mechi ya kuondoana. Mwezi wa 11 mwaka ule, Mark Andrews wa Baltimore aliumia kifundo, na akakosa mechi nyingi.

NFL ilichunguza picha za musimu wa 2023. Ikasema iliona kuangusha kwa namna hiyo mara 230, na wachezaji 15 walikosa mechi juu ya hiyo. Ikasema tena kwamba hatari ya kuumia inazidi ile ya kuangusha kwa kawaida mara 20 mupaka 25. Tarehe 25 Mwezi wa 3, 2024, wenye ekipe walipiga kura na kukataza njia hiyo. Azabu: ekipe ya mulinzi inarudishwa nyuma yadi 15, na wapinzani wanapewa nafasi mupya 4.

Sendika ya wachezaji ilipinga. Mutu angefikiri wachezaji njo wangefurahi wa kwanza, kwa sababu ni miguu yao. Lakini sababu zao zinaeleweka. Ya kwanza: mulinzi mwenye anafuata mutu kwa nyuma hana wakati wa kupima kiuno chake kinazunguka namna gani. Yote inaisha mbele ya kupepesa jicho. Ya pili: arbitre naye anaona kitu kimoja tu, watu wawili wakianguka. Atajua je kama uzito uliachiliwa kwa kusudi? Ya tatu: amande inakatwa kwenye mushahara wa mulinzi, hapana kwenye feza za mwenye ekipe.

Wenye kutetea kanuni wanajibu kwamba maneno hayo hayo yalisemwa wakati wa kukataza kuvuta kola, na leo walinzi wamezoea. Wanakumbusha pia kwamba ligi ya raga ya Australia ilianza kukataza njia hiyo mbele ya Wamarekani, na muchezo haukufa. Pete Carroll, wakati alikuwa kocha wa Seattle, alikuwa tayari anafundisha walinzi kuangusha sawa watu wa raga: bega kwenye mapaja, kichwa kando.

Katika musimu wa kwanza wa kanuni hii, arbitre mara nyingi hakupuliza firimbi. Azabu ilikuja siku zenye zilifuata, kupitia barua ya amande, kiisha wakubwa kuangalia picha pole pole. Hiyo ilipa nguvu pande zote mbili. Wamoja walisema: munaona, haionekane uwanjani. Wengine walisema: munaona, walinzi wanaanza kubadilika.

Majeraha yenye hayaonekane

Muguu ukivunjika, kila mutu anauona. Kuko jeraha lingine lenye hakuna picha inaonyesha, na lenyewe lilifunuliwa na Mwafrika.

Mwaka wa 2002, munganga kutoka Nigeria, Bennet Omalu, alikuwa anafanya kazi ya kupima maiti katika muji wa Pittsburgh. Walimuletea mwili wa Mike Webster, aliyekuwa nyota wa ekipe ya muji ule. Webster alikufa akiwa na miaka 50, kiisha kuteseka miaka mingi na akili yenye ilivurugika. Omalu alichunguza ubongo wake, akakuta alama za ugonjwa wenye waganga wanaita CTE: ubongo unaharibika kidogo kidogo juu ya kupigwa kichwa mara nyingi. Alitangaza matokeo yake mwaka wa 2005. Waganga wenye walikuwa wanatumikia NFL walidai maandishi yake yafutwe. Ni mwaka wa 2016 tu njo mukubwa mumoja wa NFL alikubali, mbele ya wabunge wa Marekani, kwamba muchezo huo unahusiana na ugonjwa ule.

Mwaka wa 2017, watafiti wa chuo kikubwa cha Boston walitangaza kwamba walichunguza ubongo wa watu 111 wenye walicheza NFL, wakakuta CTE kwa 110. Lakini tusome hesabu hiyo kwa uangalifu. Jamaa nyingi zilitoa ubongo wa mutu wao kwa sababu zilikuwa zimeona dalili mbele. Haimaanishe kwamba karibu wachezaji wote wako wagonjwa. Inamaanisha kwamba ugonjwa uko kweli, na kwamba hauko wa watu wawili watatu.

Hapa kuko jambo lenye ubishi wa kuangusha unasahau. Webster hakuwa mukimbiaji. Alikuwa anasimama katikati ya mustari wa mbele, pahali watu wanagongana vichwa karibu kila mara mupira unapoanza. Watafiti wanaona kwamba CTE inafuata hesabu ya mapigo yote, hata yale madogo yenye hayaangushe mutu. Kwa hiyo kukataza njia moja mubaya ya kuangusha kunaweza kuokoa vifundo vya miguu, lakini hakufikie ubongo wa watu wa mustari wa mbele. Ili kupunguza hayo mapigo madogo, NFL ilianza mwaka wa 2022 kuwalazimisha wachezaji wa nafasi fulani kuvaa kifuniko laini juu ya kaske wakati wa mazoezi, na tangu 2024 mwenye anapenda anaweza kukivaa mpaka kwenye mechi. Musimu wa 2024, ligi ilihesabu mitikisiko ya ubongo 182, chini kuliko misimu yote tangu 2015.

Nani analipa

Katika NFL, mikataba mingi haiko ya kulipwa yote. Ekipe inaweza kumufukuza mutu, na miaka yenye ilibaki kwenye karatasi haimupe kitu. Mutoto wa Kinshasa, Tshimanga Biakabutuka, anajua ile kazi. Alizaliwa kule mwaka wa 1974, akakomalia Canada, na mwaka wa 1996 Carolina Panthers ikamuchagua nafasi ya 8 kati ya vijana wote wa mwaka ule. Majeraha yalimurudia tena na tena. Musimu wa 2001 ulikuwa wake wa mwisho.

Maelfu ya wachezaji wa zamani walipeleka NFL kwenye tribinale juu ya magonjwa ya ubongo. Mapatano yalikubaliwa mwaka wa 2015, na ligi imelipa zaidi ya miliare moja ya dola. Lakini kukaonekana aibu ingine. Katika kupima kama akili ya mutu imepunguka, waganga walikuwa wanaweza kutumia hesabu yenye inafikiri kwamba mutu mweusi anaanza na akili ya chini. Kwa namna hiyo, mweusi alipaswa kuwa mugonjwa zaidi ili alipwe sawa na mweupe. Na wachezaji wengi wa NFL ni weusi. Wachezaji wawili wa zamani, Kevin Henry na Najeh Davenport, walishitaki mwaka wa 2020, na hesabu ile ikaondolewa.

Kwa wazazi wenye wako Marekani, na kwetu huku

Majimbo yote ya Marekani yako na sheria ya kulinda watoto na mutikisiko wa ubongo. Ya kwanza ilitoka katika jimbo la Washington mwaka wa 2009, kiisha mutoto wa miaka 13 kuumia vibaya sana juu walimurudisha uwanjani akiwa amegongwa kichwa. Kwa kawaida sheria hizi zinasema: mutoto mwenye anazaniwa kuwa na mutikisiko anatolewa kwenye muchezo siku ile ile, na harudie mupaka munganga aruhusu kwa maandishi. Muzazi mwenye analetewa karatasi ya kutia sahihi iko na haki ya kuuliza yote hayo, hata kama Kiingereza chake ni kidogo. Anaweza kuomba mutu wa kumutafsiria.

Futbol yetu nayo haiko mbali na jambo hilo. Vichwa viwili vinagongana wakati wa kona, kijana anaanguka, wanamumwangia maji, anasimama, watu wanapiga makofi, anaendelea. Lakini akiuliza matokeo ni ngapi, akitembea sawa mulevi, akitapika, ao akisema macho yanaona giza, muchezo wake wa siku ile umekwisha. Kanuni za futbol ya dunia sasa zinaruhusu mashindano kuweka mubadala wa pekee kwa mutu mwenye alipigwa kichwa. Kwenye uwanja wetu wa mutaa haiombe kanuni ya FIFA. Inaomba tu mutu mukubwa mumoja mwenye atasema: huyu hapana, arudie tu kiisha munganga kumuona.