Nyani Wana Njia Zao: Tuzijue, Tuokoe Mazao



Mkulima analima, anapanda, anapalilia. Mahindi yanabeba vizuri. Siku chache kabla ya kuvuna, kundi la nyani linaingia shambani. Kwa muda mfupi tu, jasho la msimu mzima limekwisha. Matokeo yake ni nini? Ni njaa nyumbani. Mara nyingine watoto huacha kwenda shule ili wakalinde shamba.

Wengi wetu tunasema, "Ah, nyani ni mhuni tu. Anazurura ovyo, leo huku kesho kule." Kumbe sivyo! Nyani hazururi ovyo. Ana kwake, na ana njia zake. Tukizijua njia hizo, tutajua pia mahali pa kumngojea.

Kila kundi lina eneo lake

Nyani huishi katika makundi. Kundi moja linaweza kuwa na nyani 20, au 50, au hata zaidi ya 100. Majike huzaliwa, huzeeka na hufa katika kundi lile lile. Madume wakikomaa huhamia makundi mengine. Kwa hiyo majike wanalijua eneo lao tangu wakiwa watoto. Wanajua mto uko wapi. Wanajua mti gani unazaa matunda, na mwezi gani.

Eneo hilo lina ukubwa gani? Huko Amboseli, nchini Kenya, wataalamu Stuart Altmann na Jeanne Altmann walifuata kundi moja la nyani mwaka 1963 na 1964. Kundi hilo lilitumia eneo la kilometa za mraba 24 hivi. Ni sawa na kusema kilometa 5 kwenda na kilometa 5 kukata. Mahali penye chakula kingi, eneo huwa dogo. Mahali pakavu, eneo huwa kubwa.

Lakini nyani hawatumii kila sehemu ya eneo lao sawasawa. Ziko sehemu wanazopita mara nyingi, na ziko nyingine wanazofika kwa nadra. Ni kama sisi wenyewe. Kijiji ni kikubwa, lakini njia ya kisimani na ya dukani ndizo zinazokanyagwa kila siku.

Maeneo ya makundi mawili huweza kuingiliana. Hata hivyo, mara nyingi makundi huepukana. Mmoja anakunywa maji asubuhi, mwingine anakuja baadaye.

Mahali pa kulala

Wahenga walisema, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Lakini siku nyingine zote, mti ndio usalama wake. Usiku nyani anamwogopa chui. Kwa hiyo kundi hulala juu ya miti mirefu, au kwenye majabali. Katika eneo lao huwa na mahali kadhaa pa namna hiyo. Leo watalala hapa, kesho pengine kule.

Jua likichomoza, nyani huteremka. Kwanza hukaa kidogo wakiota jua na kuchambuana manyoya. Halafu safari inaanza. Kwa siku huweza kutembea kilometa 5 hivi, pengine zaidi, wakitafuta matunda, maua, mbegu, mizizi na wadudu. Jioni, kabla giza halijaingia, ni lazima wawe wamefika mahali pa kulala.

Basi shikeni jambo hili: asubuhi nyani hutoka mahali pa kulala, na jioni hurudi mahali pa kulala.

Nani anayeamua njia?

Watu husema kwamba dume kubwa ndiye mfalme, na wote humfuata. Mwaka 2012, huko Mpala katika Laikipia, Kenya, wataalamu waliwavisha nyani 25 wa kundi moja mikanda ya shingoni yenye vyombo vya kuonyesha mahali walipo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Ilionekana kwamba nyani yeyote anaweza kuanza safari, awe dume au jike. Wengine hutazama wenzao wengi wanakwenda upande gani, nao wanafuata. Kumbe nyani nao wana mkutano wao, ila hawapigi kelele kama sisi!

Shamba likiwa njiani

Sasa chukua kijiti, uchore chini. Huku weka jabali wanakolala nyani. Kule weka mto wanakokunywa. Katikati weka shamba lako. Unaona? Shamba liko njiani. Wewe unasema nyani amekuja kwako. Yeye yuko katika safari yake ya kila siku.

Porini nyani huchimba mizizi na kuokota mbegu mchana kutwa. Shambani anakuta mahindi mengi mahali pamoja. Akishayaonja mara moja, atarudi.

Jambo hili lilionekana wazi karibu na Gilgil, nchini Kenya. Hapo palikuwa na ranchi ya ng'ombe iliyoitwa Kekopey. Mama mmoja mtaalamu, Shirley Strum, alianza kuwafuata nyani wa hapo mwaka 1972. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ranchi iliuzwa, na wakulima wakaja kulima. Eneo la nyani likawa mashamba. Nyani wakaanza kula mazao. Kikundi kimoja kilichojitenga kwa ajili ya kuiba mazao kilipewa jina la Wabaya.

Mwaka 1984 makundi matatu yalikamatwa na kuhamishiwa Laikipia. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, na ilihitaji mitego, madawa, magari na wataalamu. Huko Laikipia nyani walikuwa wageni. Iliwabidi wajifunze upya maji yako wapi na chakula gani kinalika. Kila kijiji hakiwezi kufanya hivyo. Sisi tutumie njia tunazoziweza.

Tufanye nini?

1. Tujue wanakolala. Wazee na wachungaji wanapajua. Waulizeni.

2. Tulinde upande wanakotokea. Mashamba yaliyo mpakani mwa msitu ndiyo yanayoliwa zaidi. Mlinzi asikae nyumbani kwake upande wa pili wa shamba! Awahi asubuhi, na jioni asiondoke mapema. Wala asiache shamba wakati wa chakula cha mchana, maana nyani wanaweza kukaa kichakani wakimtazama.

3. Tulinde kwa zamu. Ukiwafukuza peke yako, wataingia kwa jirani, na jirani akiwafukuza watarudi kwako. Majirani wakipanga zamu ya watu wazima, watoto watakwenda shule.

4. Tufyeke vichaka vilivyo kati ya msitu na shamba. Nyani hupenda kuingia kwa kujificha.

5. Upande wa msitu tupande mazao wasiyoyapenda sana, kama pilipili au tumbaku. Mahindi yawe karibu na nyumba.

6. Tusitege sumu. Sumu huua mbwa, kuku na ndege, na inaweza kuua hata mtoto. Pia kuua mnyamapori bila kibali ni kosa. Nyani wakizidi, toeni taarifa kwa serikali ya kijiji ili imwite afisa wanyamapori.

Daftari la nyani

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Tumia elimu hiyo. Nunua daftari moja dogo. Kila nyani wanapokuja, andika hivi:

Jumatatu. Saa 1 asubuhi. Wametoka jabalini. Wamekula mahindi.

Alhamisi. Saa 11 jioni. Wametoka mtoni. Tumewafukuza.

Fanya hivyo kwa msimu mmoja. Halafu soma kutoka mwanzo. Utaona saa wanazozipenda na upande wanaoupenda. Mkutano wa kijiji ukikaa, hutasema tu "nyani wanatusumbua." Utafungua daftari na kusoma. Hapo zamu itapangwa vizuri.

Nyani haandiki, lakini anakumbuka njia zake zote. Sisi tunaokumbuka na kuandika pia, tutashindwaje?

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nyani wa kwetu hulala wapi?
2. Shamba la nani liko katika njia yao?
3. Zamu yetu ya kulinda itaanza lini, na nani atatunza daftari?